Dola Nne na Nusu

Mama yangu hajapata kuchukua kitu cha mtu maishani mwake. Lakini siku ya pili tu baada ya kutua Singapore alikwapua pakiti saba za karatasi za kupengea, mchana kweupe, mbele ya watu wasiopungua mia.

Mke wangu yuko huku kwa masomo. Mimi nimemfuata pamoja na pacha wetu wa miaka mitano, na kazi yangu ya kutafsiri naifanya kwenye meza ya kulia, baina ya kufua na kuosha vyombo. Tunakaa kwenye fleti ya serikali, kama wanavyokaa zaidi ya robo tatu ya wakazi wa hapa, ghorofa ya nane, upande wa mashariki wa kisiwa, si mbali na Geylang Serai, mtaa wa Wamalay. (Neno hilo tulimfundisha Mama kulitamka taratibu, maana kwa Kiswahili ikizidi herufi moja unaweza kupigwa.) Mama alikuja kututembelea kwa miezi miwili kutoka Mkokotoni, kaskazini Unguja, na begini mwake mlikuwa na kanga, iliki na mashaka.

Siku hiyo tulimpeleka kula mchana kwenye kituo cha chakula cha mtaani kwetu. Ni paa kubwa lisilo na kuta, feni zinazunguka juu, vibanda vimepangwa bega kwa bega, kila kimoja na pishi lake. Mke wangu akaenda kwenye maji ya miwa, mimi nikapanga foleni ya tambi, Mama tukamwachia pacha na meza. Sasa, huku mtu akitaka kushika meza kabla ya kwenda kununua, huweka juu yake pakiti ya karatasi laini, kisha akaondoka zake na moyo wake mweupe. Wenyewe wanaita chope. Ni kama tasbihi iliyoachwa safu ya mbele msikitini: imewekwa, imewekwa. Hakuna anayegusa.

Hilo Mama hakuambiwa na mtu. Aliona meza tupu, na juu ya kila meza karatasi zilizosahauliwa, akawahurumia wenyewe kwa usahaulifu wao. Akazunguka akazikusanya zote saba kwenye ncha ya mtandio wake, azitunze mpaka wenye mali watokee.

Nikarudi na trei nikamkuta mzee mmoja kasimama na bakuli la moto mikononi, anaizunguka meza yake kama aliyeibiwa punda. Nyuma yake vijana wawili wa ofisini, na meza yao imeshakaliwa na familia nzima. Mama kazipanga pakiti mbele yake kama muuza karanga, anawauliza kwa Kiswahili safi: "Ipi yako, baba? Itambue mwenyewe."

Niliomba radhi kwa Kiingereza, kwa mikono na kwa kichwa. Yule mzee alichukua pakiti yake, akaikagua mbele na nyuma, akacheka mpaka supu ikamwagika.

Tukakaa kula.

Chakula chenyewe kinaitwa mee hoon kueh. Jina ni la Kihokkien, lugha waliyokuja nayo Wachina wa Fujian: mee hoon ni unga wa ngano, kueh ni kila kitu cha namna ya mkate au andazi. Tambi zake hazikatwi kwa kisu wala hazipiti kwenye mashine. Mpishi hushika donge, akalivuta kwa vidole gumba mpaka likawa jembamba kama sikio la mbuzi, akanyofoa kipande, akakirusha kwenye supu inayochemka. Hiki kinafanana na jani, kile na ulimi, kingine hakifanani na kitu. Kibanda hichohicho, kwa donge hilohilo, kinakuuzia pia tambi pana kama utepe, ban mian, au nyembamba, you mian, lakini mimi hizo nawaachia wenye haraka. Za kunyofoa zina ukingo unaolegea mdomoni na katikati panapokaza meno, na ukila huwezi kujua kijiko kijacho kimebeba nini.

Humo bakulini kuna yai lililovunjwa supu ikichemka, uyoga mweusi, majani ya kijani yanayoitwa sayur manis, nyama ya kusaga, na juu yake dagaa wa kukaanga. Nyama hiyo kwa kawaida ni ya nguruwe, na ndiyo sababu vibanda vingi vya mlo huu sisi tunavila kwa pua tukipita. Hiki chetu ni cha mume na mke wa Kimalay, nyama yao kuku, na cheti cha halali cha MUIS, baraza la Kiislamu la hapa, kimetundikwa juu ya kisanduku cha pesa. Bei dola nne na nusu. Kwa viwango vya siku zile, elfu nane na ushei za kwetu.

Mama alilitazama bakuli. "Tambi hizi?" Kwetu tambi ni za sukari, na zabibu, na iliki, mwezi wa Ramadhani. Akaonja supu, akanyamaza. Akaonja tena. Akaokota dagaa mmoja kwa kucha, akamgeuzageuza kwenye mwanga, akamvunja, akamnusa.

"Mwanangu," akasema, "umenipandisha ndege usiku kucha uje unilishe dagaa?"

Haya, hapa lazima nieleze. Mkokotoni ni pwani ya dagaa. Wakishuka kutoka majini huchemshwa kwa maji ya chumvi, wakaanikwa juani, wakatiwa magunia, na wanunuzi wakubwa ni Wakongo wanaowapeleka kwao bara. Mama amesimama kwenye masufuria hayo miaka ishirini na kitu, moshi machoni, chumvi kwenye nyufa za vidole. Dagaa kwake ni ada ya shule yangu. Ni sare, ni daftari, ni bati za nyumba. Chakula cha kumwekea mgeni, hapana. Na hapa anamkuta dagaa yuleyule, anaitwa ikan bilis, kachemshwa kwa chumvi vilevile na kuanikwa vilevile, wengine wakitoka Malaysia hapo jirani, kawekwa juu ya bakuli kama bwana harusi.

Aliinywa ile supu mpaka chini. Akaweka kijiko. "Kesho tunakuja saa ngapi?"

Tukaja kesho, na kesho kutwa, na siku zilizofuata. Siku ya tatu nilimpa na historia, maana mimi nikishiba husema. Nikamwambia kwamba zamani wachuuzi hawa walikuwa barabarani na mikokoteni na mizega, maji ya kuoshea vyombo ni ya ndoo moja; kwamba mwaka 1968 na 1969 serikali iliwaandikisha kisiwa kizima, wakafika kama 24,000, kisha kuanzia 1971 ikawajengea vituo vyenye mabomba na mifereji, na kufikia 1986 kazi ya kuwahamisha ilikuwa imekwisha. Leo vituo vinazidi 110. Na Desemba 2020 utamaduni wao ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Mama akaacha kutafuna. "UNESCO hawahawa wa Mji Mkongwe?"

"Haohao."

"Maskini ya Mungu," akasema, akawatazama wale mume na mke kwa huruma. "Basi hata mlango hawataruhusiwa kubadilisha."

Mambo yangeendelea hivyo kwa amani kama si daftari.

Mke wangu ana daftari la jalada la bluu. Huingia humo kila senti, hata ile iliyoanguka mferejini. Posho yake ya masomo inamtosha mtu mmoja na nusu, na sisi tuko watano, wawili wakila kama wanne. Usiku wa Ijumaa alilifungua juu ya meza, akaweka kalamu pembeni.

"Baba Pacha."

Sauti hiyo naijua. Ni ya mtu aliyekwisha kupiga hesabu, sasa anangoja mimi nipige mdomo.

"Mabakuli manne kwa siku," akasema. Pacha hugawana moja, na humpigania dagaa wa mwisho. "Dola kumi na nane. Siku sita. Mia na nane. Kwa unga na maji."

"Unga na maji tu," nikaitikia, na laiti ningenyamaza hapo. "Hata mimi naweza. Kilo ya unga haifiki dola tatu. Mbona chapati napika?"

"Chapati ulipika mara moja," akasema mke wangu, "na tukafunikia mtungi."

Mama alikuwa kwenye kochi anavuta tasbihi. Hakusema kitu. Mama akinyamaza kwenye mazungumzo ya chakula, mwenye akili huogopa. Mimi nikasema Jumamosi napika.

Jumamosi asubuhi niliingia duka la mtaani nikalitamka jina la chakula kama nilivyolisikia. Kumbe pana mtego. Mee hoon ni unga wa ngano, bee hoon ni tambi nyembamba za mchele, na baina ya mauti na uhai hapo pana m na b tu, tena kwenye ulimi wa mtu wa Mkokotoni. Isitoshe, kueh nyingi za hapa, zile tamutamu za rangi ya kijani na waridi, hufanywa kwa unga wa mchele. Kwa hiyo muuzaji aliposikia bwana mgeni anataka unga wa bee hoon wa kufanyia kueh, hakukosea hata kidogo kunipa pakiti yenye picha ya tembo wa vichwa vitatu. Nikaona unga mweupe, nikalipa. Maneno tepung beras niliyaona pia. Mimi ni mfasiri, lakini si wa Kimalay.

Unga wa mchele kwa maji ya baridi haukandiki. Nilitia maji ukawa mchanga wa pwani. Nikaongeza, ukawa chokaa ya kupigia ukuta. Nikarudisha unga, ukarudi mchanga. Ngano ina ule unato unaovutika ukiukanda. Mchele hauna, hata ukandwe na mcheza mieleka. Pacha walinisaidia kwa kujipaka usoni. Mwisho nikasema potelea mbali, nikamega mabonge nikayatupa kwenye supu. Yaligusa maji yakasema kwaheri. Nikakoroga chini kutafuta hata kipande kimoja cha kumwonyesha mke wangu, nikapata uji.

Uji wenyewe ulikuwa mchungu. Nilikuwa nimemimina dagaa pakiti nzima, gramu 200, na vichwa vyao na matumbo yao kama walivyoumbwa. Mtoto wa mama aliyechemsha dagaa miaka ishirini! Mama alionja kwa ncha ya ulimi, akanitazama kama anayejiuliza ile ada ya shule ilikwenda wapi.

Kisha akainuka, akafunga kanga ya pili kiunoni. Akachemsha maji, akayamimina ya moto hivyohivyo kwenye unga uliobaki, akasonga kwa mwiko. Na ule unga uliokuwa mkaidi kwangu ukashikana mikononi mwake kama umetishwa. Akafinyanga vidonge vidogo vidogo, akavipika kwa tui la kopo, sukari, na iliki zake. Vipopoo. Pacha wakala mpaka wakalala mezani.

Mke wangu aliporudi maktaba alikaribishwa bakuli. Akala, akapangusa mdomo. "Vizuri sana," akasema. "Ila nilidhani leo tunapika tambi?"

Mchana tulikula kibandani. Daftarini: manunuzi ya nyumbani, 23.50, kibandani, 18.

Jumapili niliamka na azma mpya. Safari hii nilitafuta pakiti yenye picha ya suke la ngano, nikalilinganisha na picha ya kitabu cha sayansi cha shule ya msingi iliyobaki kichwani, nikaridhika. Mstari mdogo wa chini sikuusoma. Ule mstari, nilikuja kufasiriwa baadaye, ulisema unga huu umekwisha kuchanganywa na beking pauda na huumuka wenyewe.

Donge lilikubali. Nilikanda, likawa laini, nikalipiga ubao, nikamwita Mama aje aone. Akalibonyeza kwa kidole, akatazama jinsi shimo lilivyojaa upesi. "Halijalala," akasema.

"Halijalala vipi?"

"Unga ukishakandwa unataka kulala. Umechoka. Hata wewe nikikukanda hivyo utataka kulala."

Nikasema hatuna muda, foleni ya tumbo imefika mlangoni. Nikaanza kunyofoa. Ninavuta, linarudi. Ninavuta, linarudi, kama mpira wa manati. Kipande nilichokusudia kiwe sikio la mbuzi kikawa sikio lenye mbuzi wake. Sawa, nikasema, vitaiva tu. Nikavitupa vyote kwenye sufuria kwa mpigo, nikafunika, nikageukia kikaango cha dagaa.

Dagaa safari hii niliwatoa vichwa, haki yangu nipewe. Nikawatia kwenye mafuta. Harufu ikajaa, nikafungua dirisha la jikoni itoke. Ikatoka. Sasa, fleti hizi nyingi zina matundu ya chuma nje ya dirisha la jikoni, na humo watu huchomeka miti ya mianzi yenye nguo mbichi, ikatokeza hewani kama bendera za meli. Harufu haijui kushuka. Juu yetu ghorofa ya tisa palikuwa na mashuka mawili meupe.

Nilikuwa bado namkoroga dagaa niliposikia kifuniko kinagonga. Nikageuka. Kifuniko kilikuwa kimeinuka na chini yake kuna kitu kinanitazama. Vile vipande vilizama vidogo kama kope, vikaibuka kama ngumi za mabondia, vimebanana bega kwa bega, na supu hamna. Wameinywa. Walio chini walikwisha kushikana na chuma, na mvuke umeanza kuwa moshi. Nilikimbilia sufuria, dagaa nao wakaungua nyuma yangu, na hapo ndipo mlango ukabishwa.

Alikuwa Anti wa ghorofa ya tisa. Ni mama wa Kichina wa makamo, na Anti ndivyo anavyoitwa na kila mtu wa lifti ile. Mkononi ana shuka limekunjwa. Hakugomba. Alilinyoosha tu karibu na pua yangu. Nikanusa. Palikuwa na Mkokotoni nzima humo isipokuwa bahari.

Nikaanza kuomba radhi. Yeye macho yake yalikwisha kunipita begani, yameifikia sufuria. Akasogea hatua moja.

"Mee hoon kueh?"

"Ndiyo, Anti."

Aliitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama picha ya jamaa yake aliyenenepa ghafla. "Mbona nene hivi?" akasema, na akaniachia shuka akaenda zake.

Shuka lile nililifua mara mbili. Jioni nilimpelekea na machungwa, kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, dola sita. Mchana tulikula kibandani. Sufuria ililowekwa siku mbili, tukaisugua kwa chumvi na ndimu na maombi, kisha tukaizika kwenye pipa la taka.

Wiki hiyo Mama alichukua kazi mikononi mwake bila ya kumwambia mtu. Jumatatu kibanda hufungwa. Jumanne saa nne asubuhi, kabla ya wateja, aliniamuru nimpeleke, na hakwenda mezani. Alisimama ubavuni mwa kibanda, penye kioo, mikono nyuma, kama mkaguzi wa elimu.

Yule mama wa Kimalay akamwona, akatabasamu. "Apa khabar?"

"Nzuri!" akajibu Mama papo hapo, akanigeukia kwa hamaki. "Mbona hukuniambia wanasema Kiswahili?"

Nikamweleza kwamba khabar na habari zilitoka Uarabuni zikapanda vyombo tofauti. Hilo lilimfungulia mlango. Ndani ya robo saa walikuwa wamegundua sabun na sabuni, kertas na karatasi, dunia na dunia, na kila neno likipatikana wanacheka kama wasichana. Mimi nikasogea pembeni, nikawa sina kazi.

Nilichokiona na mimi, kwa vile nilikuwa nimesimama, ni hiki. Madonge yamepangwa kwenye trei kama mayai, yamepakwa mafuta, juu yake kitambaa kibichi. Mama yule anachukua moja bila kutazama. Anaweka vidole gumba viwili katikati, anavipeleka nje, na donge linafunguka lenyewe kama kanga inayokunjuliwa. Halirudi. Mkono wa kushoto unashika, wa kulia unanyofoa, na kipande kinaingia kwenye maji kabla hujakiona kikiondoka. Vikielea juu vimeiva. Mama alipima kwa kipimo anachokijua: tangu kushika donge mpaka kipande cha mwisho, Kulhuwallahu mara mbili.

Akanyoosha kidole kwenye trei, akauliza kwa mikono: haya yamekandwa lini? Yule mama akaonyesha saa yake, akaipindisha nyuma, nyuma, mpaka kabla ya adhana ya alfajiri. Supu nayo ilikuwa jikoni kabla ya hapo. Kisha akalipapasa donge moja kama anamlaza mtoto. "Sabar," akasema. "Sabar."

"Subira," akaitikia Mama, akanitazama mimi.

Ijumaa usiku tulikaa wote mezani kumsafisha dagaa. Mama alitufundisha kama alivyofundishwa: kucha ya kidole gumba chini ya shingo, kichwa kinatoka na utumbo wake mweusi kwa mkupuo mmoja, kisha unampasua ubavu kwa ubavu na mwiba unabaki mkononi kama unywele. Pacha walihesabu mpaka mia wakapotea. Mke wangu, aliyesema ana mtihani, alikaa na sisi saa nzima, na katika saa hiyo sikumwona akigusa daftari.

Jumamosi Mama aliamka kuswali alfajiri na hakurudi kulala. Unga tulionunua ulisomwa na watu watatu, akiwemo Anti wa ghorofa ya tisa tuliyekutana naye kwenye lifti. Mama alikanda unga kwa yai moja, chumvi na mafuta kidogo, akaufunika, akaukataza kusemeshwa. Mimi nilipewa kazi ya kufunga dirisha kila dagaa anapokaangwa na kulifungua akitoka. Kulikuwa na sufuria mpya ya kungoja ipate moto, uyoga wa kungoja ulowane, pacha wa kungoja wamalize kupigana, na jiko lenyewe lina mafiga mawili tu. Tulikula saa tisa na nusu alasiri.

Zilikuwa nzuri. Sitasema zilishinda za kibandani, maana Mama mwenyewe hakusema. Vipande vya mwanzo vilikuwa vinene, vya katikati vikawa sawa, vya mwisho ukiviinua unaona dirisha. Supu ilikuwa nyeupe kidogo, nzito, na utamu wake ulifika baada ya kumeza. Mke wangu alirudia mara mbili. Nilimpelekea Anti bakuli. Aliinua kipande kimoja kwa vijiti, akakipindua, akakila, akatikisa kichwa cha kukubali mara moja, na mlango ukafungwa.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu kainyoosha, vidole gumba anavisugua mafuta ya nazi.

"Dola nne na nusu?" akasema.

"Dola nne na nusu."

"Na anafanya mangapi kwa siku yule?"

Sikujua. Nilisema labda mia, labda zaidi.

Alifikiri. "Basi tuna deni lake," akasema, akafumba macho.

Usiku mke wangu alifungua daftari. Jumamosi ya kwanza, 41.50. Jumapili, pamoja na machungwa, 38.10. Jumamosi ya leo, chakula 13.90, sufuria 24.90. Akapiga mstari chini, akajumlisha, akanigeuzia nisome mwenyewe: dola 118 na senti 40, kwa milo mitatu. Kwa pesa hizo, akaandika kando kwa mwandiko mdogo, mabakuli 26 na chenji.

Nilidhani atasema neno. Aliandika tu kwenye ukurasa mpya, juu kabisa: Jumapili, kibandani, 18.

Mama ana wiki mbili zaidi kabla ya kurudi Unguja. Tunakwenda kila siku isipokuwa Jumatatu, saa tano na nusu, kabla foleni haijafika nguzo ya pili. Ukipita pale ukaona pakiti ya karatasi yenye maua mekundu juu ya meza iliyo chini ya feni, tafadhali usiiguse. Ni ya Mama.